Ripoti ya Upasuaji wa Maiti: Fomu ya Korti Mikononi mwa Wafiwa

Mtu akifa ghafla Timau, iwe amegongwa na lori kwenye barabara ya Nanyuki kwenda Meru, ameokotwa asubuhi kando ya shamba la ngano, au ameanguka akiwa kazini kwenye shamba la maua, mwili wake huwa ushahidi kwanza, ndipo uwe wa familia. Polisi huandika tukio kwenye kitabu cha matukio, OB, mwili hupelekwa mochari ya Nanyuki au ya Meru, na siku ya upasuaji daktari hujaza fomu ambayo polisi wa Kenya huiita P23A. Baadaye nakala huishia kwa mjane, kwa kaka mkubwa, au kwa binti aliyesoma ambaye ukoo mzima unamtazama aseme imeandikwa nini. Lakini binti mwenyewe amesomea uhasibu. Kiingereza cha fomu ile kimejaa Kilatini na Kigiriki, na mwandiko ni wa daktari mwenye miili mingine inayomngoja.

Wengi hudhani shida ni maneno tu, na kwamba mtu akipata kamusi ya udaktari mambo yatanyooka. Maneno ni nusu ya shida. Nusu ya pili ni kwamba ripoti hii haikuandikiwa wafiwa. Daktari anamwandikia polisi, na polisi anaipeleka kwa mwendesha mashtaka na hakimu. Anayeisoma kama barua aliyotumiwa yeye atamtafuta muuaji mahali palipoandikwa jeraha, atatafuta pole mahali palipoandikwa uzito wa ini, na ataona dharau kwenye neno ambalo daktari alilitumia kusema kiungo hakina kasoro. Kuielewa kunaanza na kujua inajibu swali la nani.

Nani anamwandikia nani

Upasuaji wa maiti uko wa aina mbili. Wa kwanza ni wa hospitali: mgonjwa amefia wodini, madaktari wanataka kujua ugonjwa uliomshinda nguvu, na familia lazima ikubali. Wa pili ni wa kisheria, unaofanywa pale kifo kinapokuwa cha ghafla, cha kutiliwa shaka, cha ajali, au kimetokea mikononi mwa polisi au gerezani. Huu wa pili hauhitaji idhini ya familia. Kifungu cha 386 na 387 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai ya Kenya humtaka mkuu wa kituo cha polisi amwarifu hakimu kuhusu vifo vya namna hiyo, na humpa hakimu mamlaka ya kufungua uchunguzi wa kifo mahakamani. P23A ni mali ya safari hiyo.

Ndiyo maana fomu huanza na mambo ambayo mfiwa huyaruka: nani ameutambua mwili, saa ngapi, mbele ya polisi gani, mwili umevaa nini. Kwa korti huo ndio msingi. Wakili wa mshtakiwa akionyesha kwamba mwili uliopasuliwa haukutambuliwa ipasavyo, kurasa zote zinazofuata hutikisika. Kwa hiyo familia ikipata nakala, kazi ya kwanza isiwe kukimbilia chanzo cha kifo. Isome jina, umri, tarehe na majina ya waliotambua. Kosa la jina likionekana mapema hurekebishwa kwa urahisi kuliko likiibuka miaka miwili baadaye kwenye kesi ya fidia au ya urithi.

Baada ya hapo daktari hueleza mwili kwa nje, kisha kwa ndani, mfumo baada ya mfumo: pumzi, moyo na mishipa, tumbo, njia ya mkojo na uzazi, kichwa, uti wa mgongo. Mwishoni hutoa maoni yake kuhusu chanzo cha kifo na kutaja sampuli alizochukua. Neno maoni lina uzito wake. Yale maelezo ya kurasa za kati ni mambo aliyoyaona na kuyapima. Mstari wa mwisho ni hitimisho lake. Wakibishana madaktari wawili, mara nyingi hubishana kuhusu hitimisho huku wakikubaliana kuhusu walichokiona.

Soma chanzo cha kifo kutoka chini kwenda juu

Cheti cha kifo cha kimataifa, ambacho Shirika la Afya Duniani liliweka muundo wake, hupanga chanzo cha kifo kwa ngazi. Mstari wa kwanza ni hali iliyomuua moja kwa moja, wa pili ni kilicholeta hali hiyo, wa tatu ni kilicholeta cha pili. Chini yake kuna sehemu ya magonjwa mengine yaliyochangia bila kuwa kwenye mnyororo huo. Madaktari wengi huandika ripoti ya upasuaji kwa mtindo huo huo.

Tuseme ripoti imeandikwa hivi: kwanza, shinikizo ndani ya fuvu, kutokana na hematoma ya sabdura, kutokana na jeraha la kichwa la kitu butu. Mfiwa husoma mstari wa juu, akasikia shinikizo, akarudi nyumbani kusema marehemu alikufa kwa presha. Kumbe mzizi uko mstari wa chini kabisa: alipigwa na kitu au aligonga kichwa. Mishipa midogo chini ya utando wa ubongo ikakatika, damu ikavuja polepole na kukusanyika, ubongo ukakosa nafasi ndani ya fuvu. Hematoma ya aina hii inaeleza jambo linalozitesa familia nyingi: inakuwaje mtu aliyepigwa jioni alirudi nyumbani, akala, akaongea na watoto, kisha asubuhi asiamke? Damu ya vena huvuja taratibu, na kwa wazee na walevi, ambao ubongo umenywea kidogo na mishipa imevutika, inaweza kuchukua siku kadhaa kabla ya kuleta madhara.

Kuna mstari mmoja wa kutiliwa shaka ukiwa peke yake: moyo na mapafu kusimama. Kila anayekufa moyo wake husimama, kwa hiyo maneno hayo yanaeleza kifo chenyewe, hayaelezi kilichokileta. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani huwakataza madaktari kuyatumia kama chanzo. Familia ikiyaona bila mstari mwingine chini yake, ina haki ya kurudi kwa daktari kwa heshima na kuuliza: daktari, moyo ulisimama kwa sababu gani?

Na kuna msemo wa tahadhari, kwamba majeraha yanaendana na kitu fulani. Kuendana si kuthibitisha. Jeraha linaloendana na panga lingeweza kusababishwa na panga. Linaweza pia kuendana na shoka. Daktari anajua korti itamuuliza neno kwa neno, kwa hiyo hasemi zaidi ya anachoweza kukitetea.

Kilichoua na namna kilivyoua

Tofauti inayowachanganya wafiwa kuliko zote ni kati ya chanzo cha kifo na namna ya kifo. Chanzo ni cha kitabibu: kuvuja damu, kukosa hewa, sumu. Namna ni ya kisheria zaidi: maradhi ya kawaida, ajali, kujiua, kuuawa, au haijulikani. Katika sehemu nyingi za Marekani mkaguzi wa vifo huandika namna hiyo kwenye cheti yeye mwenyewe. Kenya daktari hutoa maoni ya kitabibu, na anayepima kama kulikuwa na kosa ni hakimu. Ndiyo maana unaweza kusoma ripoti nzima ya mtu aliyeuawa usikutane na neno muuaji wala mauaji. Daktari hajamficha mtu. Swali hilo halikuelekezwa kwake.

Hata hivyo, kurasa za kati zinaweza kuvunja hadithi ya uongo bila kutamka neno la lawama. Kaunti ya Embu inalijua hilo kwa uchungu. Agosti 2021 ndugu wawili wa Kianjokoma, Benson Njiru Ndwiga na Emmanuel Mutura Ndwiga, walikamatwa na polisi kwa kuvunja kafyu ya korona, na baadaye miili yao ikapatikana mochari. Polisi walisema vijana hao waliruka kutoka kwenye gari lililokuwa linakwenda. Upasuaji ulionyesha majeraha ya kichwa na mbavu. Swali likawa kama kuruka garini kungeweza kuleta majeraha ya aina hiyo kwa ndugu wawili kwa pamoja. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, IPOA, ilichunguza, na maafisa 6 wakashtakiwa kwa mauaji.

Juni 2025 jambo lilijirudia Nairobi. Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu aliyekamatwa Homa Bay, alifia katika Kituo Kikuu cha Polisi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilidai alijigonga kichwa ukutani ndani ya seli. Wanapatholojia 5 waliupasua mwili, na Dkt. Bernard Midia akaeleza hadharani walichokiona: majeraha ya kichwa, dalili za kubanwa shingo, na majeraha mengi ya tishu laini yaliyotapakaa mikononi, kiwiliwili na miguuni. Hoja yake ilikuwa ya mpangilio. Mtu anayejigonga ukutani mwenyewe huacha alama za aina fulani, hasa mbele ya kichwa. Hapa damu ilikuwa imevilia usoni, pembeni na kisogoni, pamoja na dalili za mapambano mwilini. Hitimisho likawa kwamba si rahisi majeraha hayo awe amejitia mwenyewe. Hakutaja mtu. Alitaja mahali palipoumia, na taarifa ya kwanza haikuweza tena kusimama.

Hapo ndipo somo la msomaji lilipo. Usihesabu majeraha tu. Tazama yako wapi na yanaungana vipi. Mchubuko wa goti moja na wa kiganja ni wa mtu aliyeanguka. Michubuko iliyo upande wa nje wa mikono yote miwili, kuanzia kiwiko hadi kifundo, mara nyingi ni ya mtu aliyeinua mikono kujikinga.

Majina ya majeraha

Katika ripoti za kisheria kila jeraha lina jina lake, na majina hayabadilishani. Laseresheni ni mpasuko wa ngozi uliotokana na kitu butu: rungu, jiwe, ukingo wa barabara. Kingo zake huwa zimechakaa, na ndani hubaki nyuzi za tishu zilizounganisha pande mbili. Mkato wa kisu au wembe una kingo safi na urefu unaozidi kina. Jeraha la kuchomwa lina kina kinachozidi urefu, ndiyo maana tundu dogo kifuani linaweza kuwa limefika moyoni. Jeraha la panga hukata na kuponda kwa pamoja, na mara nyingi huacha alama mfupani. Familia ikisoma laseresheni ikadhani ni mkato wa kisu, inaweza kumshuku jirani mwenye kisu ilhali daktari anazungumzia jiwe.

Asfiksia ni kukosa hewa, na peke yake haisemi kwa njia gani. Inaweza kuwa kunyongwa kwa mkono, kujinyonga, kuzama, kufukiwa na udongo, au kubanwa kifua katika msongamano. Ndipo daktari hutafuta mambo ya kuitenganisha: vidoa vidogo vya damu ndani ya kope, alama ya kamba na mwelekeo wake shingoni, damu iliyovilia ndani ya misuli ya shingo, na ule mfupa mdogo wenye umbo la kiatu cha farasi ulio juu ya koo. Mfupa huo ukivunjika ni dalili ya shingo kubanwa, lakini kwa vijana ni laini na unaweza kubaki mzima hata pale mtu amenyongwa. Kutovunjika kwake hakumfutii mtu shaka.

Embolizimu ya mapafu ni bonge la damu lililotoka kwingine, mara nyingi kwenye vena za mguu, likaziba mshipa wa mapafu. Hutokea baada ya kulala kitandani muda mrefu, baada ya kuvunjika mguu au baada ya kujifungua. Ni chanzo kinachoshangaza familia kwa kuwa mgonjwa alikuwa anaendelea vizuri na alikuwa anakaribia kuruhusiwa kwenda nyumbani.

Yanayotisha bure

Kuna mambo ambayo mwili hufanya wenyewe baada ya kifo, na yanaposhuhudiwa na watu wa kuosha maiti huzua vita kwenye matanga. La kwanza ni rangi ya zambarau mgongoni na nyuma ya mapaja. Moyo ukishasimama, damu hutuama upande wa chini kwa uzito wake, na ngozi ya upande huo hubadilika rangi. Daktari huliita jambo hilo hipostasi na huliandika kama la kawaida. Shangazi anayeuvalisha mwili huona alama za kipigo. Daktari anapotaka kujua kama ni kipigo hukata hapo kwa kisu: damu iliyotuama iko ndani ya mishipa, ya kipigo imevuja na kuingia kwenye nyama. Ripoti ikisema alama fulani imekatwa na kukutwa na damu ndani ya tishu, hiyo ni kauli nzito. Ikisema tu kuna hipostasi mgongoni, hakuna kipigo kilichoandikwa hapo.

La pili ni kukakamaa. Misuli huanza kukaza saa chache baada ya kifo, hukaza kabisa baada ya saa 12 hivi, na kulegea tena kwa muda wa siku moja na nusu hivi. Baridi hukuchelewesha kukakamaa huko, na usiku wa Timau una baridi ya mlimani, sembuse jokofu la mochari. Kwa hiyo makadirio ya saa ya kifo huwa mapana. Anayesoma kwamba marehemu alikufa kati ya saa fulani na fulani asiyachukue kama saa ya ukutani.

La tatu ni povu au maji mekundu mdomoni na puani. Watu husema sumu. Lakini mapafu yaliyojaa maji kwa sababu yoyote, moyo ulioshindwa, kuzama, sumu au jeraha la kichwa, yanaweza kutoa povu, na mwili unaoanza kuoza hutoa maji mekundu bila mtu kupigwa wala kulishwa kitu. Kwenye ripoti, edema ya mapafu na kujaa damu kwa viungo ni matokeo yanayoonekana kwenye vifo vya aina nyingi mno. Peke yake hayaelezi lolote.

La nne ni mshono. Ili kuona viungo vyote daktari hukata kutoka mabegani hadi chini ya kitovu, na kichwani hukata kutoka sikio moja hadi jingine kupitia utosini ili kufungua fuvu. Jamaa wakiuona mshono huo huanza kunong'ona kwamba viungo vimeibwa. Kinachochukuliwa kwa kawaida ni vipande vidogo na damu kwa ajili ya maabara, na ripoti inapaswa kuvitaja. Hakuna aibu kuuliza: daktari, mmebaki na nini, na kimepelekwa wapi?

La tano ni uzito. Ripoti hutaja viungo kwa gramu, na wengi hupita bila kusoma. Moyo wa mwanamume mzima huwa takriban gramu 300 hadi 350, ini kama kilo moja na nusu, ubongo kati ya gramu 1,300 na 1,400. Moyo wa gramu 520 wenye ukuta mnene upande wa kushoto ni moyo uliobeba presha kwa miaka mingi, hata kama marehemu hakuwahi kupimwa. Na pale daktari anapoandika kwamba kiungo hakina cha kutajwa, anasema kiko sawa.

Yaliyobaki nje ya ripoti

Mara nyingi jibu halimo kwenye fomu kwa sababu halijafika. Sumu nyingi haziachi alama ya kuonekana kwa macho. Timau imezungukwa na mashamba ya ngano, viazi na maua, na dawa za kuua wadudu ziko karibu. Lakini daktari hawezi kuapa kwa kunusa tumbo tu. Hutoa damu, mkojo, ini, yaliyomo tumboni na maji ya jicho, na kuvituma kwa Mkemia wa Serikali. Hadi hapo fomu husema matokeo ya toksikolojia yanasubiriwa. Chanzo kilichoandikwa siku hiyo ni cha muda.

Mei 2014 pombe yenye methanoli iliua makumi ya watu katika kaunti kadhaa za Kenya, Embu ikiwa miongoni mwa zilizoumia zaidi. Kwa macho, mlevi aliyekufa kwa methanoli anaweza kufanana na mlevi yeyote. Tofauti iko kwenye damu, ambako mwili umeigeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki, inayoharibu mishipa ya macho na kuivuruga damu. Bila maabara, vifo kama hivyo vingeandikwa kama ulevi na kusahauliwa.

Kuna kosa moja la kawaida linaloweza kuharibu jibu hilo kabisa. Mochari nyingi huchoma mwili dawa ya formalini ili usiharibike wakati familia inachangisha pesa za mazishi. Formalini hubadilisha damu na tishu, na vipimo vya pombe na baadhi ya sumu huwa havitegemeki tena. Kifo kikiwa cha kutiliwa shaka, familia imwambie mhudumu wa mochari mapema, mbele ya polisi: mwili uwekwe jokofu, dawa isichomwe kabla ya sampuli kuchukuliwa. Kwa matanga ya Meru, ambako siku ya mazishi hupangwa na kamati na makadi yameshachapishwa, kusubiri siku tatu zaidi ni gharama. Lakini sampuli iliyopotea hairudi.

Na kuna ripoti inayosema chanzo hakikuthibitishwa. Wafiwa huiona kama uzembe. Mara nyingi ni uaminifu: mwili umeoza mno, au moyo umesimama kwa hitilafu ya umeme wake isiyoacha alama. Swali la kuuliza hapo ni kama histolojia, yaani kutazama vipande vya viungo kwa hadubini, ilifanywa au la.

Ripoti ikipingwa

Ripoti moja si mwisho wa maneno. Robert Ouko, waziri wa mambo ya nje wa Kenya, alipopatikana ameuawa karibu na Koru Februari 1990, mwanapatholojia mkuu wa serikali wa wakati huo, Jason Kaviti, alihusishwa na dhana ya kujiua. Wapelelezi wa Uingereza walioitwa, wakiongozwa na John Troon na wakisaidiwa na mwanapatholojia Iain West, walihitimisha kwamba aliuawa. Mwili ni ule ule. Macho na uhuru wa kusema ndivyo vilivyotofautiana.

Karibu zaidi na Timau kuna kesi ya Agnes Wanjiru, aliyetoweka Nanyuki Machi 2012 na mwili wake kupatikana baada ya miezi miwili katika tangi la maji taka la hoteli. Upasuaji ulionyesha amechomwa kisu. Kwa miaka mingi hakuna aliyeshtakiwa. Lakini ripoti ilikuwepo, na mwaka 2019 hakimu Njeri Thuku, akimaliza uchunguzi wa kifo hicho mahakamani, aliamua kwamba aliuawa na askari wa Uingereza. Fomu iliyojazwa vizuri huweza kungoja muda mrefu kuliko binadamu.

Mwongozo wa Umoja wa Mataifa unaoitwa Itifaki ya Minnesota, uliorekebishwa mwaka 2016, unatambua haki ya familia kuwa na mwakilishi mwenye ujuzi wakati wa upasuaji. Kenya, shirika la Independent Medico-Legal Unit limekuwa likisaidia familia kupata wanapatholojia huru katika vifo vinavyohusishwa na maafisa wa usalama. Wakati wa kuomba ni kabla ya upasuaji wa kwanza. Upasuaji wa pili huwezekana, hata baada ya kufukua kaburi kwa amri ya korti, lakini daktari wa pili hukuta viungo vimeshakatwa na damu imeshamwagika.

Inavyowafaa walio hai

Mstari mmoja kwenye ripoti unaweza kubadilisha maisha ya nyumba nzima. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 humtaka mwajiri awalipe wategemezi wa mfanyakazi aliyekufa kwa ajali ya kazini au ugonjwa wa kazini kiasi kinacholingana na mapato ya miezi 96. Kwa kibarua wa shamba la maua, kuandikwa kwamba alikufa kwa moyo au kwamba alikufa kwa sumu aliyoivuta kazini kunaamua kama watoto watasoma. Bima nazo husoma namna ya kifo kwa makini, na neno kujiua limefanya baadhi ya familia kuficha ripoti, kwa hofu ya kampuni na ya kanisa. Mawazo yanaanza kubadilika: Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka katiba.

Ripoti pia huwatahadharisha ndugu. Moyo uliovimba, mishipa ya moyo iliyoziba kabla ya miaka 50, au mshipa uliotutumka kichwani ukapasuka ni mambo yanayoweza kuwa ya ukoo. Aliyezikwa hapimwi tena, lakini kaka zake na watoto wake wanaweza kwenda zahanati wiki hiyo hiyo kupimwa presha.

Nani aeleze?

Mfumo wa sasa haumpi mtu yeyote kazi ya kukaa na familia na kuifafanua ripoti. Mpasuaji ameshaenda kaunti nyingine. Wanapatholojia ni wachache. Mpelelezi hana ujuzi wa tiba. Daktari wa zahanati ya karibu anajua maneno lakini hajauona mwili, na anaogopa kuitwa kortini. Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Wachunguzi wa Vifo mwaka 2017 ili kuwe na ofisi huru ya kuvichunguza vifo vya aina hii badala ya kuviacha mikononi mwa polisi, lakini kwa miaka mingi sheria hiyo ilibaki kwenye karatasi.

Hadi ofisi hiyo isimame, familia inaweza kujisaidia kwa kumpata daktari au afisa wa kliniki inayemwamini na kumpelekea ripoti nzima, si ukurasa wa mwisho uliopigwa picha kwa simu. Wamwombe asome chanzo kutoka chini kwenda juu, aonyeshe ni lipi limeonekana kwa macho na lipi ni maoni, ataje sampuli zilizochukuliwa na majibu ambayo hayajaja, na aseme kama kuna jambo linalowahusu walio hai. Mtu mmoja wa familia aandike majibu hayo kwa Kiswahili au Kimeru, yasomwe mbele ya wote kwa pamoja, ili yasiwe ya baba mkubwa peke yake wala ya mke peke yake.

Ripoti isiyoelezwa haikai kimya. Wakwe humtazama mjane kwa jicho la shaka kwa sababu ya povu, jirani hutuhumiwa uchawi kwa sababu ya mshono, na muuaji wa kweli hupumua kwa kuwa watu wanabishana kuhusu rangi ya mgongo. Kaunti inayolipa mishahara ya wahudumu wa mochari inaweza kumfunza muuguzi mmoja kila hospitali kukaa na wafiwa nusu saa. Sheria haimkatazi, na bajeti yake ni kiti na muda. Kama serikali ina mamlaka ya kuupasua mwili wa mtu bila idhini ya watu wake, basi ina deni la kuwaambia, kwa lugha wanayoielewa, ilichokikuta ndani.